Daftari la tarehe 25 Agosti

Nilidhani mkaguzi ataanza na vyeti. Ukuta wa mapokezi tulikuwa tumeupanga ukapangika: leseni ya daktari, usajili wa kliniki, kibali cha kaunti, kibali cha mashine ya eksirei, vyote ndani ya fremu, vioo vimefutwa kwa gazeti asubuhi hiyohiyo. Yule mama akavitupia jicho mara moja, kama mtu apitaye soko la Kongowea na kikapu kishajaa, kisha akanigeukia.

"Daftari la otoklevu liko wapi, mwanangu?"

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, na otoklevu ndiyo mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa vyetu. Kazi hii naifanya mwaka wa 11 sasa, yote hapa Mombasa, na mingi katika kliniki moja ya ghorofani upande wa Mwembe Tayari: viti viwili, daktari mmoja wa kila siku na mwingine wa Jumamosi. Jina la kliniki silitaji. Makosa nitakayoyasimulia mengi ni yangu, na daktari wangu hakuniajiri ili nimwanike.

Ilikuwa mwanzo wa Machi 2024, Ramadhani ikinukia, joto la kaskazi limetuelemea hata feni inapuliza moto. Taarifa ya ukaguzi tuliipata wiki moja kabla. Wiki ile tulipaka rangi ukuta wa ngazi, tukanunua maua ya plastiki, tukabadilisha pazia. Nikikumbuka yale maua nacheka peke yangu.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mama huyo wa makamo, buibui nyeusi na raba nyeupe; bwana mmoja mwenye orodha ndefu ya alama; na kijana wa afya ya umma kutoka kaunti. Zamani, wakubwa wetu wanasimulia, kila bodi ilikuja kivyake na maswali yake. Siku hizi wanakuja pamoja na orodha moja. Kijana wetu wa mapokezi akakimbilia soda. Mama akamwambia, "Ahsante babangu, maji ninayo," akaigonga chupa iliyokuwa mkobani. Nalitaja hili kwa sababu mtaani watu husadiki kwamba mkaguzi hufuata chai, na sisi, sitaficha, jioni ya jana yake tulishauriana kama tutie kitu kwenye bahasha. Daktari akakataa. Angekubali, nadhani tungefungwa kabla ya adhuhuri.

Nikamletea daftari. Ni kaunta buku la jalada gumu, kila safari ya mashine na mstari wake: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, joto, shinikizo, sahihi. Hakukuwa na pengo hata moja. Nilikuwa nauonea fahari mwandiko wangu. Mama hakuanza mwanzo wala hakuanza mwisho. Alilamba kidole, akarudisha kurasa nyuma, nyuma, nyuma, akasimama.

"Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa," akasoma. "Kuanza saa tatu na nusu usiku. Kumaliza saa nne na robo. Nyuzi 134. Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Saa nne kasorobo usiku huo weye ulikuwa wapi?"

Sikumwelewa. Akavua miwani, akaiweka juu ya daftari.

"Usiku ule stima ilipotea karibu Kenya nzima. Hata uwanja wa ndege wa Nairobi ulikuwa giza. Ilikatika saa nne kasorobo. Mashine hii moto wa nusu saa iliyobaki iliupata wapi?"

Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia kwamba kila kliniki aingiayo huanza na tarehe hiyo. Anayejaza daftari kwa mazoea hakumbuki kwamba siku fulani mazoea yalikatika.

Sasa niusimulie usiku wenyewe. Tulikuwa tukifunga saa tatu, maana wagonjwa wetu wengi ni watu wa maduka ya Biashara Street na wachuuzi wa Marikiti, ambao nafasi huipata baada ya Isha. Ikifika saa hiyo sinki imefurika vyombo. Kuvisugua kwa brashi kimoja kimoja, kuvikausha, kuvitia kwenye vifuko vyake, kuvipanga kwenye trei, ndiyo saa tatu na nusu hiyo. Mashine ikishawashwa huchukua dakika 45 mpaka imalize kukausha. Nami naishi Mtongwe, ng'ambo. Feri ya Likoni hailali, lakini matatu za kuingia ndani hupungua kadiri usiku unavyokwenda, na mwanamke kusimama stendi peke yake saa tano si jambo la kutamani. Basi nilijifanyia desturi. Naipakia mashine, nabonyeza, naujaza mstari wote mpaka saa ya kumaliza, natia sahihi, nafunga mlango. Mashine itajizima yenyewe. Na kweli, usiku baada ya usiku ilijizima yenyewe.

Siku ile stima ilikatika ndio kwanza nashuka kwenye tuktuk pale feri. Nakumbuka umati ulivyoguna kwa sauti moja na taa za simu zikaanza kuwaka kama vimulimuli. Mashine haikunipita akilini. Niliyemuwaza ni samaki wangu, changu, kwenye friji.

Jumamosi asubuhi stima bado. Tuna jenereta ndogo ya kuwasha taa na kiti kimoja. Ukiiunganisha na otoklevu inakohoa, inazima. Nikafungua mlango wa mashine. Vifuko vilikuwa baridi, viwili vitatu vina unyevu kwa ndani kama kioo cha gari wakati wa mvua. Lakini kila kifuko kina kidoa chake cha rangi, ambacho huingia kikiwa cha waridi kikatoka kahawia, na vidoa vyote vilikuwa kahawia. Benchi lilishajaa, wagonjwa wengine wameketi ngazini wameshika mashavu. Nikajiambia, rangi imegeuka, basi vimeiva. Nikavipanga mezani. Daktari wa Jumamosi hakuniuliza, nami sikumwambia.

Yule mama alinichukua mpaka chumba cha kutakasia vifaa, akakishika kifuko kimoja chenye kioo na sindano ya kukagulia.

"Kidoa hiki chakwambia nini?"

"Kwamba vifaa viko safi."

"La. Chakwambia kifuko kimepita kwenye moto. Basi. Harufu ya pilau ikikufikia barabarani wajua jiko limewashwa. Hujui kama wali umeiva."

Kisha akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kukuna nazi. Ndani ya mashine hii viini sugu haviuliwi na moto peke yake, ila na moto, mvuke na muda kwa pamoja. Kwenye nyuzi 134 mvuke ukae hapo dakika tatu kamili kwa uchache. Kwenye 121, dakika 15. Hesabu huanza joto likishafika, si pale unapobonyeza kitufe. Na mvuke lazima uguse kila mahali: ukibananisha vifuko kama dagaa kwenye gunia, wa katikati hawapati kitu. Kifuko kikitoka kimelowa, hesabu hakijatakaswa, maana karatasi iliyolowa hupitisha viini kutoka nje. Na kwa unyevu wa hewa ya Mombasa, usitegemee kwamba kitakauka kabatini. Nilikuwa nimevipangusa vile vifuko vyenye unyevu kwa tishu nikaviweka. Mara ngapi? Sina idadi.

Akauliza jaribio la spora, lile la kuhakikisha kwamba mashine inaua viini kweli, tumelifanya lini. Daktari akanitazama, nami nikamtazama yeye.

Nitaruka mengi, maana mengine yalikwenda vizuri. Visanduku vya sindano havikuzidi robo tatu, mapipa yako na rangi zake, nyeusi ya taka za kawaida, njano na nyekundu za zile zenye damu na hatari, na risiti za wanaozichukua kwenda kuchomwa zilikuwa zimehifadhiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuchomwa na sindano iliyotumika, mwaka wangu wa pili kazini, nikarudishia kifuniko kwa mikono miwili. Nikakimbizwa hospitali ndani ya saa 72 zinazotakiwa, nikala dawa za kinga siku 28 huku kichefuchefu kikinimaliza. Tangu hapo kifuniko nakilaza mezani nakichota kwa mkono mmoja, na hata daktari akijisahau namkemea. La sindano nililishika kwa kuwa liliniuma. Aprini ya risasi ya eksirei tulikuwa tukiikunja na kuitupa kiti cha nyuma. Wakatuonyesha ilivyopasuka kwenye mikunjo. Itundikwe. Haya.

Drili ndiyo iliyotutoa jasho. Bwana wa orodha aliomba kitabu cha wagonjwa cha Jumamosi iliyopita.

"Waliochimbwa jino ni wangapi?"

Tukahesabu. Kumi na wanne.

"Drili mnazo ngapi?"

"Nne."

"Mchana wa siku hiyo mashine iliwashwa mara ngapi?"

"Mara moja."

Hakusema zaidi. Akaniachia hesabu niifanye mwenyewe. Nne zilizokuwa tayari asubuhi, nne baada ya ile safari ya mchana, jumla nane. Watu sita waliingiziwa mdomoni drili ambayo haikupita kwenye mvuke, imepanguswa tu kwa pamba na spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Na si Jumamosi hiyo peke yake.

Nilijaribu kujitetea kwamba tunapangusa vizuri. Akachukua drili moja, akaigeuza nikatazama kichwa chake. Ndani mna kijigurudumu kinachozungushwa na upepo. Ukiondoa mguu kwenye pedeli, kikiwa kinasimama, hufyonza: mate, damu, unga wa jino, vyote huingia ndani kidogo. Mgonjwa anayefuata ukiwasha, vinatoka. Spiriti yako iko nje, uchafu uko ndani. Tena otoklevu yetu ilikuwa ya aina ile ya kale isiyonyonya hewa kwanza, na ndani ya tundu jembamba kama la drili hewa hubaki imejibana, mvuke haupiti. Maana yake hata zile nane nilizozihesabu kuwa salama zilikuwa na mashaka.

Nilikaa kwenye kigoda cha daktari bila kuombwa. Mama akanimiminia maji katika kifuniko cha chupa yake.

Yule kijana wa kaunti, kwa upande wake, alitaka kujua maji ya viti yanatoka wapi. Nikamwambia bombani. "Bomba linatoka wapi?" Tangini. "Twende." Tukapanda paani, jua la saa sita linapiga mabati mpaka macho yanafumba. Tangi jeusi, mfuniko umepasuka nusu. Mombasa mjini maji ya mfereji yana siku zake, kwa hivyo tunalijaza kwa lori la maji, mara nyingine maji ya kisima yenye chumvi. Kijana akauinua mfuniko. Ndani yalielea manyoya mawili ya kunguru na mwiba wa samaki. Kunguru wetu mnawajua. Huokota Marikiti wakaja kulia chakula popote palipo juu. Huyo aliifanya tangi yetu meza.

Maji hayohayo, niliyaona yanapanda bomba hadi bomba, yanaingia kwenye mpira mwembamba wa kiti, yanamwagikia jino lililofunguliwa la mama mjamzito.

Fundi alipokuja wiki hiyo kubadilisha mipira, nilimwomba akate kipande. Kwa nje ni mpira safi. Nikatia kidole ndani, nikakuta ute, unateleza kama bamia iliyochemka. Alinieleza kwamba ute ule hujijenga hata kwa maji masafi, kwa kuwa mpira ni mwembamba na maji hulala ndani usiku kucha. Sisi tuliuongezea mboji. Siku hizi kila kiti kina chupa yake, tunatia maji tuliyoyatayarisha wenyewe na dawa yake, kila asubuhi tunayaacha yatiririke dakika mbili, na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Mgonjwa mmoja mzee wa Bondeni huniuliza kila mara, "Mbona wamwaga maji, binti, na maji yenyewe ya kununua?"

Jambo la mwisho walilolitazama lilikuwa dogo, nami ndilo linalonijia usiku. Bwana wa orodha alilala kwenye kiti namba mbili, akasema, "Mimi nimedungwa ganzi sasa hivi. Nimevimba midomo, sipumui. Haya."

Tulidhani anatania. Akatazama saa yake.

Daktari akaniamrisha sanduku la dharura. Liko kabati la juu, nyuma ya katoni za glavu. Adrenalini ipo, ampuli mbili, ila moja muda wake ulipita Desemba. Daktari akataja dozi bila kusita, nusu mililita ya moja kwa elfu, kwenye msuli wa paja, nikafurahi. Oksijeni! Chupa imejaa, barakoa ipo, mpira upo. Ufunguo wa kufungulia chupa haupo. Nikafungua droo zote. Kijana wa mapokezi akaenda kuuliza kwa fundi wa baiskeli chini barabarani, wallahi. Bwana amelala, amefumba macho, mikono kifuani kama maiti. Ufunguo tuliupata jikoni. Mzee wa usafi alikuwa akiutumia kufungulia mtungi wa gesi.

"Dakika sita," akasema, akaketi. "Mngekuwa mnanikafini."

Leo ule ufunguo umefungwa kwa mnyororo shingoni mwa chupa, mfupi hata haufiki mlangoni.

Hawakutufunga. Wangeweza. Walitusimamishia kazi yote ya drili mpaka zitoshe, wakaizuia otoklevu mpaka ijaribiwe, wakatupa siku 14. Kwa muda ule tulikuwa tukipeleka vifaa hospitali moja ya jirani kutakaswa kwa malipo, mimi na beseni lenye kifuniko kwenye tuktuk, asubuhi na jioni. Daktari akanunua drili sita. Bei ya moja sitaiandika, itoshe kusema kwamba nilipoiona risiti niliacha kabisa kuzishika kwa mkono mmoja.

Jaribio la spora nililifanya mimi. Ni kichupa kidogo cha ukubwa wa kidole cha mwisho, maji yake ya zambarau. Ndani mna spora za bakteria mgumu sana kufa kwa mvuke. Unakiweka katikati ya mzigo, unawasha kama kawaida, kisha unakitia kwenye kijitanuri chake cha joto pamoja na kingine ambacho hukukipika. Spora zikiwa hai, zambarau hugeuka manjano. Kile ambacho hukukipika lazima kigeuke, ndiyo dalili kwamba jaribio ni zima.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango wa kliniki hata kabla ya mzee wa usafi. Vichupa vyote viwili vilikuwa manjano.

Mashine ambayo kwa miaka nilikuwa nikiiwekea sahihi ilikuwa haipiki. Fundi akaifungua: mpira wa mlango umechakaa, mvuke unavuja kidogo kidogo, na ndani, kwenye kuta, gamba jeupe gumu la chumvi kama lile la birika la kahawa. Inatakiwa maji yaliyotoneshwa. Siku yakikwisha nilikuwa natia ya bombani, kwa nia njema kabisa, ili kazi isisimame. Ikauzwa chuma chakavu, ikaja mpya inayonyonya hewa kwanza na kujiandikia karatasi yake yenyewe.

Lililobaki lilikuwa la watu. Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigomba. Alifunga mlango, akasema, "Tutafute majina ya Jumamosi ile." Kwa kuwa vile vifuko vya usiku wa giza tulivijua idadi, na kitabu cha wagonjwa kipo, tulipata tisa waliotokwa na damu kitini kabla stima haijarudi. Tutawaita wote, akasema, wapimwe homa ya ini B na C na virusi vya Ukimwi, gharama juu ya kliniki. Miezi sita ilishapita, kwa hivyo kipimo kimoja kingetosha kutoa jibu.

Wa nne kwenye orodha ni shangazi yangu. Mimi ndiye niliyemleta kliniki siku ile, gego la chini lilimkesha siku tatu.

Nilimkuta kwake Kibokoni, barazani, anachambua mchele. Nikaketi.

"Shangazi, nina neno."

"Posa imekuja?"

"La."

Nikamweleza yote, tangu feri mpaka kidoa cha kahawia. Aliuweka ungo chini.

"Kwa hivyo lile koleo lililonitoa jino, weye hukujua kama limepikwa au halikupikwa."

"Ndiyo."

"Na huko kwenye daftari ukaandika limepikwa."

"Ndiyo, shangazi."

Aliurudisha ungo mapajani. Akapeta. Muda ukapita, muadhini akaadhini Alasiri, akanyamaza. "La jino si kitu," akasema mwishowe. "Stima si yako. Hilo la kuandika sasa..." Akaokota kokoto, akaitupa barabarani, hakumalizia. Wiki nzima hakunipigia simu, na shangazi yangu hupiga simu hata kuuliza bei ya nazi.

Wanane walikuja, wengine kwa hasira. Mmoja alimwambia daktari maneno ambayo alistahili kuyasema. Majibu ya wote wanane yalikuwa masafi, alhamdulillahi. Wa tisa alikuwa ameshakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Tukamtumia ujumbe, akajibu kwa sauti, nyuma yake mtoto analia, kwamba hawezi kupata viza bila kupimwa hayo yote, na vipimo vya Novemba vilitoka salama. Daktari alifurahi. Mimi nilifurahi pia, lakini naifahamu furaha hiyo: ni ya mtu aliyevuka barabara ya Makupa macho yamefumbwa, gari halikumgonga.

Siku ya 14 yule mama alirudi peke yake. Akaomba kaunta buku, si ile karatasi ya mashine. Safari hii alilisoma kuanzia ukurasa mpya. Kulikuwa na mistari mitatu ya wino mwekundu: stima imekatika, rudia; kifuko kimelowa, rudia; jaribio limechelewa, vifaa visitumike. Saa ya kumaliza sasa naiandika mlango wa mashine ukiwa wazi, mvuke unanipiga usoni. Tunafunga saa mbili na nusu na si saa tatu, na wachuuzi wa Marikiti wamenuna, kisha wamezoea. Mama akagusa mstari mmoja mwekundu kwa ncha ya kalamu, akacheka kidogo, akapiga muhuri.

Shangazi alikuja baada ya Idi ya kufunga. Jino la juu, kuziba tu. Sikumtarajia. Alipanda ngazi polepole, akaketi kitini, mkoba mapajani, akafumba mdomo.

"Nifungulieni mbele yangu," akasema.

Nikachana kifuko anatazama. Akanyoosha mkono apewe kile kipande cha karatasi chenye kidoa, akakigeuza huku na huku.

"Hiki ndicho kile cha harufu ya pilau?"

Nilikuwa nimemsimulia hata hilo. Nikamwambia ndicho.

"Basi lete na daftari."

Daktari akarudi nyuma na kigoda chake akasubiri. Shangazi akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikisogea, mpaka akaufikia wa asubuhi hiyo. Akausoma mara mbili. Kisha akanirudishia, akalaza kichwa, akafumbua kinywa.